Kivuli Kimoja Kiko Safarini

Landry, siku ile tulipokuwa tunahamisha zana uliniuliza swali nikakujibu kwa mkato, na najua hukupenda. Ulikuwa umesimama mbele ya ule ubao wa kijani wa kutundikia zana, boksi mkononi. Ukasema, "Madame, hii kivuli ya ekeri mbona iko wazi? Mu kabati mupya kuna nafasi yake. Tuagize ingine?" Nikasema apana, kipimo hicho cha pembe hakiagizwi, nikaendelea kufuta tupa. Mkurugenzi naye alikuwa ameniomba, kwa kuwa nastaafu, niwaachie wadogo zangu ukurasa mmoja kuhusu kazi ya asistenti. Ukurasa mmoja hautoshi hata kueleza namna ya kufagia karakana. Basi nawajibu nyote wawili kwa pamoja, na kama ni refu, soma nusu leo na nusu siku umeme utakapokatika. Siku hiyo haitakuwa mbali.

Kwanza kazi yenyewe. Majirani zangu wa Ngagara hawakuwahi kuielewa. Waliniuliza kama ni mwalimu, nikasema hapana. Waliniuliza kama ni fundi, nikasema kidogo. Mama mmoja wa nyumba ya pili akaamua kwamba mimi ni mtu wa kufungua mlango wa shule, akatosheka, na kusema kweli hakukosea sana. Mwalimu wa ufundi anaingia darasani na chaki yake. Asistenti ameshaingia kabla yake, ametia mashine mafuta, amekata vipande vya chuma vya darasa zima, ametazama kama panya hawajatafuna waya. Somo likienda vizuri, sifa ni za mwalimu. Likiharibika, wanauliza asistenti alikuwa wapi. Mimi nilinuna miaka ya mwanzo, kisha nikachoka kununa.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na diploma ndani ya bahasha, viatu vipya na hereni za dhahabu ya uongo. Nilipelekwa kwa Mwalimu Anicet, aliyefundisha umakanika. Alikuwa mtu mwembamba, koti la bluu limefungwa vifungo vyote hata kwenye joto la mchana, penseli nyuma ya sikio. Wanafunzi walimwita Mikroni, kwa sababu kwake kosa la unywele mmoja lilikuwa kosa kubwa. Diploma hakuitazama. Alitazama masikio yangu.

"Madame, hizo hereni utoe. Mashine haijue urembo."

Nikazitoa. Akanipa ufagio.

"Fagia. Ukimaliza uniambie umeona nini."

Nilifagia, nikamwambia nimeona chenga za chuma. Akauliza ni za rangi gani. Sikujua. Akanirudisha, nikapekua jalala langu mwenyewe kama kuku, na hapo ndipo nikaona kwamba chini ya mashine ya kukereza ya dirishani chenga zilikuwa za bluu, na chini ya nyingine zilikuwa nyeupe. Nikaenda kumwambia. Akanieleza kwamba kisu cha ile ya dirishani ni butu, kinachoma chuma badala ya kukikata, ndiyo maana chenga zimegeuka rangi. "Basi sasa umeanza kazi," akasema, akaenda zake. Nilichukia sana siku ile. Lakini mpaka leo nikiingia karakana yoyote, macho yangu yanaanza sakafuni, na nakuomba, Landry, usimwachie mtu mwingine ufagio mapema.

Jambo la pili nililojifunza ni lugha. Vitabu vyetu ni vya Kifaransa na mtihani ni wa Kifaransa. Wanafunzi wanasengenyana kwa Kirundi. Lakini mikono ikishaingia kwenye mafuta, wote wanahamia Kiswahili, hicho chetu cha Bujumbura ambacho ndugu wa pwani wakikisikia wanashika kichwa. Mwalimu Anicet alikuwa anaandika sheria ubaoni kwa Kifaransa safi kabisa, kisha anageuka na kusema, "Ile nimeandika, maana yake: usipokaza, itakuruka mu uso." Hiyo ndiyo waliyoikumbuka.

Sasa ubao. Aliutengeneza yeye mwenyewe kabla sijafika, akaupaka kijani, akapigilia misumari, na nyuma ya kila zana akachora umbo lake kwa rangi nyeupe. Nyundo ilikuwa na kivuli chake, kila tupa kivuli chake, kila spana kivuli chake. Zana ikitoka, kivuli kinabaki kinakutazama. Na kulikuwa na sheria moja: hakuna mtu anayerudi nyumbani mpaka kila kivuli kifunikwe. Mwisho wa siku Mwalimu alisimama mlangoni akauliza, "Kivuli yote imevaa?" Darasa lote linaitikia, "Imevaa." Hapo tu ndipo aliposema, "Murudi nyumbani." Kuna siku tulikaa mpaka mabasi madogo ya kwenda Ngagara yakapungua, kwa sababu ya patasi moja iliyokutwa ndani ya soksi ya mtoto wa mkubwa fulani. Mwalimu hakumpigia kelele. Alimwambia tu airudishe mahali pake, na sote tulimsubiri afike kwenye ubao akiwa amevaa kiatu kimoja.

Kitu walichokipenda wanafunzi kuliko vyote ni namna alivyoutumia ubao ule. Alisimama ameupa mgongo, akiwa anaeleza, macho yako kwao, na mkono unakwenda nyuma peke yake na kurudi na zana anayoitaka. Hakuwahi kugeuka. Wapya walidhani ni uchawi. Alikuwa amezipanga kufuata mkono wake: tupa laini usawa wa bega la kulia, nyundo kiunoni, ekeri juu kidogo ya sikio.

Ile ekeri ilikuwa yake mwenyewe, alikuja nayo kutoka alikosomea. Wewe umezoea za kisasa, lakini ile ilikuwa chuma cha zamani chenye pembe mraba kabisa, kizito, kimelainishwa na vidole. Kazi ya kwanza ya kila mwanafunzi ilikuwa kuchukua kipande cha chuma kibaya, kukibana kwenye jiliwa, na kukipiga tupa mpaka kiwe na pande sawa pote. Mashine haikuguswa kabla ya hapo. Ukidhani umemaliza, unampelekea Mwalimu. Anakwenda nacho dirishani, anaweka ekeri juu ya chuma, anainua usawa wa mwanga. Kama mstari wa mwanga unapita katikati, anasema, "Mwanga inapita," anakurudishia. Wengine walirudi kwenye jiliwa mpaka kipande kikaisha mkononi. Nimewaona vijana wakubwa, wenye ndevu, wakilia juu ya kile kipande, na nimewaona haohao wakikiweka kwenye kabati la sebuleni baada ya miaka, karibu na picha ya harusi.

Mapendo alitujia katikati ya mwaka, akitokea upande wa Uvira, Kongo, na mama yake aliyekuwa anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Kirundi hakukijua, na Kifaransa chake kilikuwa cha shule nyingine. Alikuwa msichana pekee darasani, na wavulana walimpa siku chache tu kabla hajakimbia. Mimi nilimpa chache zaidi, nisiseme uongo, maana nilijua walivyonifanyia mimi. Mwalimu alimpa chuma na tupa kama wengine. Mapendo alipeleka kipande chake, akaambiwa mwanga inapita. Akarudi. Akapeleka tena, mwanga inapita. Siku moja akasema, "Mwalimu, inapita huku chini, juu imefungika. Nilishaiona mbele sijakuletea. Nilitaka tu kujua kama na we utaiona." Darasa lilinyamaza kusubiri radi. Mwalimu alicheka mpaka penseli ikaanguka.

Kuanzia mwaka ule Mwalimu alibadilisha namna ya kufanya. Aliacha kwenda dirishani. Alimpa mwanafunzi mmoja ekeri na kipande cha mwenzake na kusema, "We, tazama. Uniambie mwanga inapita wapi." Kwenye vipimo vidogo alisema, "Asistenti, soma kwa sauti, wote wasikie." Nami nikawa nasoma kwa sauti kama karani wa kanisani. Nilifikiri ameitoa kwenye semina fulani, kwa sababu wakati ule semina zilikuwa nyingi na kila mmoja alirudi na mbinu mpya na kalamu ya bure. Na mbinu ilifanya kazi. Watoto wakawa wakali kwa vipande vya wenzao kuliko yeye alivyokuwa, na Mapendo ndiye aliyekuwa na jicho kali kuliko wote, kwa hiyo mara nyingi ekeri ilikuwa mkononi mwake.

Darasa lile lilifika mwaka wa mwisho. Kabla ya mtihani wa vitendo huwa wanakuja wakaguzi na watu wa jopo, na shule nzima inapakwa chokaa. Wanafunzi wa darasa la Mapendo wakataka kumpa Mwalimu zawadi. Walimpenda, na yeye alikuwa amebakiza mwaka huo tu ili astaafu, hivyo darasa lile lilikuwa la mwisho kwake. Wakaja Jumamosi, wakaomba funguo, nikawapa. Waliushusha ubao, wakaukwangua, wakaupaka kijani kipya kinachong'aa. Kisha wakafanya kitu ambacho ni wanafunzi wetu tu wangekifanya, watoto tuliowafundisha kupenda mpangilio: wakazipanga zana upya kwa ukubwa, kutoka kubwa mpaka ndogo, safu kwa safu, kama kwenye picha ya kitabu. Wakachora vivuli vipya. Nilipofika Jumatatu nikaona kazi nzuri sana. Nilitabasamu, nikatia mashine mafuta.

Mwalimu aliingia, akapewa pongezi, akasema asante, harufu ya rangi inatosha kumwambia kwamba wamefanya kazi. Akaanza somo. Alikuwa anaonyesha namna ya kumalizia kazi kwa tupa laini, mgongo ubaoni kama kawaida, na mkono ukaenda nyuma usawa wa bega la kulia. Pale sasa palikuwa na kile kikwaruzo cha pembe tatu, chenye makali pande zote. Alikishika upande wa makali, akavuta.

Hakupiga kelele. Alikiweka mezani, damu ikianza kushuka kwenye mkono wa koti. Kisha akageuka kuelekea ubao, akainua mkono mzima, akaanza kuupapasa ubao kuanzia juu, polepole, akigusa kila zana. Uso wake ulikuwa unatazama dirishani.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Ile kusoma kwa sauti, ile kumpa mtoto ekeri, ile kusimama mlangoni na kuuliza kama vivuli vimevaa bila kutazama mwenyewe kama zamani, vyote vilinijia kwa mara moja. 

"Mwalimu," Mapendo akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "tulipanga kubwa mupaka ndogo. Tulifikiri utafurahi."

"Ni muzuri sana," Mwalimu akasema. "Asistenti, nipatie kitambaa."

Nilimpeleka kwenye stoo, nikafunga mlango, nikamwosha kiganja. Kidonda hakikuwa kirefu. Nilikuwa namfunga bandeji nikasema nilichokuwa nacho.

"Mwalimu, hauone."



"Naona mwangaza. Naona kuna mutu mbele yangu. Kama ni we ama ni Directeur, hiyo najua na sauti."

"Tangu wakati gani?"

"Ilianzia pembeni pembeni, ikakuja mupaka katikati. Hii promotion, hii darasa ya sasa, ilikuwa mwaka ya kwanza. Daktari alisema miwani haiwezi kitu, dawa inachelewesha tu."

"Na haukuniambia."

"Ningekuambia, ungekuwa unanishika mukono. Mi nilitaka unifanyie kazi, siyo unishike mukono." Akaugeuza mkono uliofungwa kana kwamba anaupima. "Goreti, nibakishie hii promotion. Mupaka examen tu. Wakinitoa leo, watawaletea mutu wa kuwasomea kitabu, na hawa batoto wako karibu kabisa. Ni ya mwisho yangu."

Katika miaka yote aliniita Asistenti. Hapo ndipo aliponiita kwa jina langu, na nilitamani asingelitumia, kwa sababu lilinifanya nitake kumkubalia kila kitu. Nilimpenda yule mzee kama baba yangu. Lakini nyuma ya mlango ule kulikuwa na mashine zinazozunguka, na vidole vya watoto wa watu.

"Na mashine?" nikamwuliza. "Mutoto akiingiza mukono, na we hauone?"

Akageuza sikio kuelekea mlango ule.

"Mi sitasema kwa Directeur," nikasema. "Utasema we mwenyewe, leo. Na batoto pia utawaambia. Kama watakubali, tutaona."

"Watanicheka."

"Wamekuona hapa unatoka damu. Umesikia mutu anacheka?"

Aliwaambia wanafunzi mchana ule, amesimama, koti limefungwa vifungo vyote. Hakueleza mengi. Alisema macho yake yamekwisha, kwamba waliomsaidia kuona kwa miaka hii ni wao, na kwamba asiyetaka kujifunza kwa mtu asiyeona anaweza kusema na hatakasirika. Hakuna aliyesema. Mapendo alilia waziwazi. Nilifikiri analilia zile tupa alizozihamisha, na alikuwa analilia hizo kweli, aliniambia baadaye.

Mkurugenzi wa wakati ule alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na haki. Mwalimu alipomweleza, alisema anaweza kuendelea mpaka mtihani, ila mashine yoyote ikiwaka mkono wa asistenti uwe karibu na kitufe chekundu cha kuzima, na kidole kimoja tu kikiumia, siku hiyohiyo Mwalimu anakwenda nyumbani. Hayo ndiyo masharti tuliyoishi nayo. Kila asubuhi nilifika karakana nikajaribu kitufe chekundu cha kila mashine. Kama mtoto mmoja angejisahau, angepoteza kidole, na Mwalimu angetolewa kwa aibu baada ya maisha mazima ya kufundisha watu wasipoteze vidole.

Kitu cha kwanza tulirudisha ubao. Mimi na Mapendo tulishika brashi, Mwalimu akatupa mgongo, akawa anapeleka mkono nyuma na kusema, "Hapa nyundo. Hapa tupa kubwa. Apana, chini kidogo, ulinifanya murefu." Tulipigilia misumari alipogusa. Rangi mpya nzuri ikajaa matundu na michirizi, na wakaguzi walipokuja walikunja pua.

Cha pili kilikuwa kelele. Mwalimu alisema, kama yeye haoni, basi kila mtu aseme anachofanya. Ndiyo hiyo tabia unayoisikia hata leo na ambayo uliniuliza kwa nini wanafunzi wetu wanaongea peke yao. "Nakaza. Natoa ufunguo. Nafunga kinga. Nawasha." Karakana iliyokuwa kimya ikawa soko. Jioni nilirudi nyumbani na maumivu ya kichwa. Wavulana wengine waliona aibu mwanzoni, wakawa wananong'ona, na Mwalimu akawaambia, "Sala ya moyoni ni ya kanisani. Hapa sema."

Wiki za mwisho kabla ya mtihani watoto walikuwa wamechoka. Mapendo alikuwa anamsaidia mama yake sokoni alfajiri kabla ya kuja shule, na ilionekana usoni mwake. Siku hiyo alikuwa kwenye mashine ya dirishani, mimi nimesimama karibu naye. Mashine nyingine ilikuwa inanguruma, na mvulana mmoja upande wa pili alikuwa anataka kukata kipande bila kuvaa miwani. Niligeuza kichwa kumkaripia. Mapendo akasema, "Nakaza." Kisha akasema, "Nafunga kinga."

"Ufunguo iko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mwalimu kutoka mwisho wa chumba. Hakuipandisha sana, lakini kila mtu alisimama. Nikatazama. Ufunguo wa kukazia ulikuwa bado umechomekwa kwenye kichwa cha mashine, na kidole cha Mapendo kilikuwa juu ya kitufe cha kuwashia. Mashine ikiwaka na ufunguo ukiwa humo, ule ufunguo unaruka, na uso wa Mapendo ulikuwa umeinama palepale. Ile kinga yetu ya wakati huo ilikuwa ya plastiki nyembamba, isingezuia kitu.

Mapendo aliutoa mkono kama aliyeungua. Akauchomoa ufunguo. 

"Natoa ufunguo," akasema.

"Asante," Mwalimu akasema. "Endelea."

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya ndoo ya mafuta. Huwa mnaniuliza asistenti mzuri ni yupi. Siku ile mimi nilikuwa na macho mawili yanayofanya kazi na nilikuwa hatua moja kutoka kwake. Aliyemwokoa ni mtu aliyesikia neno ambalo halikusemwa. Sijui nikufundisheje hilo, Landry. Wafanye tu waendelee kusema.

Mtihani ukafika, ukapita. Wengi walifaulu, na vidole vyote vilikuwapo. Siku ya mwisho Mwalimu alichukua ekeri kwenye msumari wake juu ya sikio, akampa Mapendo.

"Hii ni yangu, siyo ya shule," akasema. "Mi sina tena kazi na mwanga. We ndiyo unajua wapi inapita."

Kisha akasimama mlangoni, kwa mara ya mwisho, akauliza, "Kivuli yote imevaa?"

Hakuna aliyeitikia, kwa sababu wote walikuwa wanatazama kile kivuli cha pembe mraba kilichobaki wazi. Sheria ilikuwa sheria. Mapendo akaikumbatia ekeri kifuani.

"Yote, Mwalimu," akasema. "Moja iko safarini."

Mwalimu alifikiri kidogo, akatabasamu. "Basi murudi nyumbani."

Ndiyo maana, hata walipokuja walimu wengine na wanafunzi wengine ambao hawakumjua Mikroni, kila jioni niliwauliza swali lile na wakaitikia, "Yote, moja iko safarini," bila kujua kwa nini. Niliwafundisha tu waitikie hivyo. Kama ungeagiza ekeri nyingine, Landry, ungefunika kitu ambacho nilikilinda muda wote huo.

Sasa mmepata makabati mapya yenye droo, na ni mazuri, sina neno. Droo zinafungwa na funguo, na vumbi haliingii. Mkurugenzi aliponiuliza nataka zawadi gani ya kuagwa, akitegemea saa ya ukutani, niliomba ubao. Alinitazama kama mtu aliyeanza kuzeeka vibaya, akanipa.

Nilimpigia simu Mapendo. Siku hizi ana karakana yake na wafanyakazi wake, na ukipanda Kinanira utaona milango yake ya chuma kwenye nyumba nyingi za kule mlimani. Inajifunga bila kusukumwa. Mafuta yalikuwa yamekosekana mjini, foleni za magari zimelala kwenye vituo, kwa hiyo gari lake halikutembea. Alikuja na mkokoteni na watu wawili wa kusukuma, tukaufuata ubao kwa miguu mpaka Mutanga Sud, anakoishi Mwalimu na binti yake.  Asubuhi ile nilikuwa nimeamka saa zilezile za kazi, nikavaa, nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sina mlango wa kwenda kufungua. Nilikaa kitandani na viatu miguuni. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kustaafu kunauma namna hiyo.

Tulimkuta Mwalimu barazani, koti la bluu limefungwa vifungo vyote. Sasa haoni hata mwangaza. Tuliuinua ubao ukutani, Mapendo akaufunga kwa skrubu huku akisema kwa sauti, "Natoboa. Nakaza," mtu mzima mwenye biashara yake. Mwalimu alisubiri tumalize. Kisha akainuka, akaupa ubao mgongo, na mkono wake ukaenda nyuma. Tupa laini usawa wa bega: msumari mtupu. Nyundo kiunoni: msumari mtupu. Zana zote ziko kwenye droo zenu. Alipitia misumari yote moja baada ya nyingine, na mimi nikaanza kujuta kumletea ubao mtupu mtu asiyeona.

Mkono ukafika juu ya sikio, ukasimama. Vidole vikaishika ekeri, vikaipapasa pembe yake yote, nje na ndani. Mapendo alikuwa ameitundika bila kusema, mara hiyo tu.

"Kivuli yote imevaa?" Mwalimu akauliza.

Mapendo alinitazama mimi. Nilikuwa mimi wa kujibu, maana ubao ule mimi ndiye niliyeulinda miaka yote.

"Apana, Mwalimu," nikasema. "Yote iko safarini. Imerudi moja."

Alikaa kwenye kiti chake, ekeri juu ya magoti.

"Basi hakuna mutu anarudi nyumbani," akasema. "Goreti, vuta kiti."